Ghala Letu Lilipoliwa na Dumuzi



 



Ndugu zetu wanaoandaa jarida hili waliniomba niandike juu ya adabu za chakula. Nikakaa kuandika kuhusu kula kwa mkono wa kulia na kusema Bismillah, mambo ambayo hata watoto wa darasa la kwanza wanayajua. Nilipofika ukurasa wa pili kalamu ikagoma. Lipo jambo la chakula lililonipata mimi mwenyewe, ambalo wazazi wengi wanalijua nusu, na wanafunzi wanalijua kwa minong'ono tu. Nimeona nilieleze lote, kwa kuwa mwaka huu tena mwezi wa sita mtaambiwa mlete madebe, na mwenye kuleta ana haki ya kujua yaliyotokea kwa madebe ya kwanza.

Mwaka 2021, baada ya mavuno, kamati ya madrasa ilikubali rai yangu kwamba tuwe na ghala letu la akiba. Nia ilikuwa njema. Kila mwaka kuanzia Desemba mpaka Machi tulikuwa tunaona jambo lile lile: watoto wanapungua darasani, waliobaki wanasinzia, na ukimuuliza mtoto amekula nini asubuhi anatazama chini. Hapa Nzega mvua ni ya msimu mmoja. Tunapanda Novemba au Desemba, tunavuna kuanzia Mei mpaka Julai. Mwezi wa saba debe la mahindi halina thamani, watu wanauza ili walipe ada, wanunue sare na kulipa madeni ya mbolea. Wachuuzi wanapita na malori yao wananunua kwa gunia la lumbesa lenye kilemba juu. Ikifika Januari mtu yule yule aliyeuza anakwenda dukani kununua unga kwa kilo, kwa bei ambayo ukimwambia mwezi wa saba anacheka.

Basi tukasema kila nyumba ilete debe moja. Tulikuwa na wanafunzi 68, na wengine ni ndugu wa nyumba moja. Waliokuwa nacho walileta debe, waliopungukiwa walileta nusu, na mzee mmoja alileta gunia zima akasema lisitajwe jina lake. Tulikusanya magunia tisa. Mimi nikakabidhiwa ufunguo.

Miongoni mwa walioleta alikuwepo mama mmoja mjane, watoto wake wawili wanasoma kwetu. Alikuja na debe lake kichwani kutoka mbali, akalitua mlangoni, akafuta jasho, akaniambia, "Ustadhi, hili si sadaka tu. Nyumbani kwangu mlango haufungi. Nimeona bora likae kwenu, nikishikwa nije." Nikamwambia, "Mama, liko katika amana." Neno hilo nililitamka kwa wepesi sana.

Magunia nikayapanga katika chumba cha nyuma ya ofisi, juu ya sakafu ya saruji, yakiegemea ukuta. Nikanunua dawa ya unga katika duka moja, nikainyunyiza juu ya magunia kama mtu anayenyunyiza chumvi kwenye mchicha. Nikafunga mlango. Kuanzia Agosti mpaka Januari nilifungua chumba kile mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa natafuta ufagio.

Msimu ule mvua zilichelewa kushika. Katikati ya Januari 2022 yule mama alikuja na ndoo tupu. Nikachukua ufunguo nikiwa na furaha kabisa, nikijiona kama Nabii Yusuf wa Nzega, Allah anisamehe. Nilipofungua mlango nilipokewa na vumbi. Ukutani kulikuwa na unga mweupe, sakafuni unga, na katika ule ukimya nilisikia sauti ndogo ya kukwaruza, kama mtu anayekuna nazi chumba cha tatu. Niliinua gunia la kwanza likaja na mkono mmoja. Gunia la kilo mia! Ndani mlikuwa na maganda ya punje, pumba, na wadudu wadogo weusi kwa maelfu. Magunia ya chini yaliyogusa sakafu yalikuwa yameshikana kama tofali, yana ukungu wa kijani na harufu ya pishi bovu.

Katika magunia tisa tuliokoa mawili na nusu.

Yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakupiga kelele. Aliangalia, akasema, "Innaa lillahi," akageuza ndoo yake juu chini akaikalia. Ndugu zangu, nimefokewa na watu wengi maishani mwangu, lakini sijapata kufokewa kama nilivyofokewa na kimya cha mama yule. Nilimpeleka nyumbani kwangu nikampa debe katika mahindi ya watoto wangu. Ijumaa iliyofuata nikasimama baada ya swala mbele ya wazazi nikaeleza. Baba mmoja akasema, "Tungekula wenyewe." Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Fedheha yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu mimi si mgeni wa mambo haya. Nimelelewa na bibi yangu katika kijiji cha upande wa Bukene, na bibi alikuwa na vihenge viwili. Kwa watoto wa mjini wasiojua, kihenge ni ghala la duara lililosukwa kwa fito kama kapu kubwa, likakandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, likawekwa juu ya mawe au magogo lisiguse ardhi, na juu likavikwa paa la nyasi linaloinuliwa kama kofia. Kimoja kilikuwa cha kula. Cha pili kilikuwa cha mtama, kimezibwa, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukiegemea.

Mbali na vihenge, bibi alikuwa na vyungu vya michembe na matobolwa. Viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa na kuanikwa vibichi, hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Kunde alizichanganya na majivu yaliyochekechwa, zikakaa mwaka mzima bila tundu. Mahindi machache ya mbegu aliyafunga kwa maganda yake akayaning'iniza juu ya mafiga, moshi ukayafanya meusi. Kila baada ya wiki mbili tatu alikuwa akiingiza mkono ndani ya kihenge mpaka kwenye kwapa, akitulia, akisikiliza kwa ngozi. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema, "Joto, mume wangu. Nafaka ikiwa na joto, ina mgonjwa ndani." (Mabibi wa kwetu humwita mjukuu wa kiume mume, msishangae.)

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na sita ulikuja ule ukame wa mwisho wa mwaka 2005 na mwanzo wa 2006, uliotikisa nchi nzima mpaka mabwawa ya umeme yakakauka. Kijijini watu walianza kula mara moja kwa siku. Ndipo bibi alipopanda kwenye kile kihenge cha pili, akavunja udongo. Mtama ule ulikuwa na misimu mitatu, umebadilika rangi kidogo, lakini ni mzima. Usiku wa kwanza alipima kibaba kimoja kimoja akanituma kwa majirani wanne, kwa kificho, kabla sisi hatujapika. Mimi nilinung'unika njia nzima. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu, na siku ile ya Januari katika chumba cha nyuma ya ofisi nilishukuru kwamba hakuwepo kuona.

Baada ya msiba ule nilimfuata bwana shamba mmoja mstaafu anayeishi jirani. Nilimpelekea wale wadudu ndani ya chupa. Hakuvaa hata miwani. "Huyo ni dumuzi," akasema. "Wazee wa huku tulimwita Skania."

Wanafunzi wangu, historia ya mdudu huyu ni yetu watu wa mkoa wa Tabora, ingawa si ya kujivunia. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, kule kule yalikotoka mahindi yenyewe. Afrika alitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wanadhani aliingia pamoja na mahindi yaliyoagizwa kutoka nje miaka ya 1970. Mwaka 1983 alikuwa amefika Taveta, Kenya, na 1984 Burundi. Wakulima wakamwita Skania, kwa jina la yale malori makubwa, na mwenye kuona gunia lililopitiwa naye hataulizia sababu. Urefu wake ni kama milimita tatu au nne, mviringo kama kipande cha njiti, kichwa kimeinamia chini kama mtu aliyevaa kofia ya kanzu. Fukusi wa kawaida anakula punje. Dumuzi anatoboa punje, anatoboa gunzi, muhogo mkavu, hata mbao. Katika baadhi ya maghala ya mkoa wetu wakati ule, hasara ilifika theluthi moja ya uzito ndani ya miezi mitatu mpaka sita.

Nikamwambia bwana shamba kwamba mimi nilifuata Qur'an. Mnakumbuka katika Surat Yusuf, Nabii Yusuf (A.S.) alipoifasiri ndoto ya mfalme aliwaambia watu walime miaka saba mfululizo, na watakachovuna wakiache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Nikasema labda ningeacha mahindi katika magunzi. Mzee akatabasamu, akanijibu kwa adabu kwamba Nabii Yusuf alisema na watu wa ngano, na punje ya ngano ikiwa katika suke lake inakaa ndani ya ganda linaloikinga na kuipa hewa. Mtama wa bibi yako ndiyo hivyo hivyo. Lakini dumuzi anapenda zaidi hindi lililo kwenye gunzi, kwa sababu punje iliyoshikwa imara inampa pa kujikazia anapotoboa. Ukiyapukuchua unampunguzia nguvu. Nilirudi nyumbani nikifikiri kwamba kufuata aya ni pamoja na kuifahamu nafaka iliyo mbele yako. Na mwanafunzi mwenye kuisoma sura ile ataona pia kwamba katika ile miaka ya shida wanakula vyote isipokuwa kidogo walichokihifadhi, na baadhi ya wafasiri wamesema hicho kidogo ni mbegu. Sisi hapa mbegu tunaimaliza Januari.

Kisha bwana shamba akaniuliza maswali manne, na kila swali lilikuwa kofi. Mahindi yalikuwa makavu? Sikupima. Ulichanganya ya watu mbalimbali? Ndiyo. Magunia yalikuwa juu ya nini? Sakafu. Dawa uliangalia tarehe? Hapana. Nilikwenda kutazama kopo lile: muda wake ulikwisha zamani, na hata lingekuwa zima, dawa ile inatakiwa ichanganywe na punje zote juu ya turubai kwa kipimo kilichoandikwa, haipakwi juu ya gunia kama poda ya mtoto. Sitaki kumlaumu muuza duka. Macho ninayo, na kusoma najua.

Mahindi yale yenye ukungu yalileta ugomvi mwingine. Mzazi mmoja aliomba apewe akalishe kuku, mwingine akasema tuyaoshe, tuyaanike, tuyasage, kwani mashine inamaliza yote. Tukakataa, tukachimba shimo tukayafukia. Nataka wazazi mnielewe hapa vizuri. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu. Haionekani kwa macho, haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika, na inaharibu ini. Mwaka 2004 huko Kenya, katika wilaya za mashariki, waliugua watu 317 kwa mahindi ya namna hii wakafa 125. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara, wakafariki watu wapatao 20. Wale hawakuwa watu wajinga. Walikuwa na njaa, na mahindi yalikuwa pale ndani.

Nilipotangaza kwamba tutajaribu tena, mwanafunzi mmoja wa darasa la juu, kijana mwenye maswali, aliuliza mbele ya wenzake: "Ustadhi, je, kuweka chakula cha miezi mingi si upungufu wa tawakkul? Na huenda yale ya mwanzo yaliliwa kwa sababu hiyo?" Darasa likanyamaza. Nilikaa na swali lile siku tatu kabla sijalijibu, na jibu nililompa ni hili.

Imepokewa kutoka kwa Umar (R.A.), katika Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiuza mitende ya Bani Nadhir na kuwawekea watu wake wa nyumbani chakula cha mwaka wao. Hakuna mwenye tawakkul kumshinda yeye, naye aliweka. Lakini pia imepokewa kwamba mara nyingi nyumba zake zilipita siku bila moto kuwashwa. Vipi mwenye akiba ya mwaka apitishe siku bila kupika? Wanavyuoni wanasema alikuwa akiweka, kisha akija mwenye shida anampa, akiba inaisha kabla ya mwaka. Kuweka kulikuwa ni sunna na kutoa kulikuwa ni sunna.

Tazameni pia jambo la nyama ya udhuhiya. Mwaka mmoja waliingia Madina watu mafakiri kutoka jangwani, Mtume (S.A.W.) akakataza watu wasiweke nyama zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata akawaambia kuleni, toeni, na wekeni, kwamba katazo lile lilikuwa kwa ajili ya wale waliokuja. Kwa hiyo nyama ile ile ilikuwa haramu kuiweka mwaka huu na halali mwaka ujao, na tofauti ilikuwa ni hali ya jirani.

Na wapo Ash'ariyyin, watu wa Abu Musa (R.A.), ambao wakiishiwa safarini au chakula cha watoto wao kikipungua mjini, walikuwa wakikusanya walichonacho wote katika nguo moja kisha wanagawana sawa kwa chombo kimoja. Mtume (S.A.W.) akawasifu akasema wao ni katika yeye, na yeye ni katika wao. Mimi nikiliangalia ghala letu naona nguo ile.

Basi mwaka 2022 tulianza upya, na imani ya wazazi ilikuwa imepungua. Tulipata magunia matano. Yule mama mjane alileta debe. Sikuweza kumwangalia usoni.

Safari hii kila debe lilipimwa ukavu mlangoni. Njia ni rahisi na mwanafunzi yeyote anaweza. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa, tia mahindi mpaka robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani au jikoni, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji, mwenyewe ayarudishe akayaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Chumvi isiposhika, unyevu umeshuka kiasi cha kuhifadhika. Wataalamu wanataka usizidi asilimia 13 na nusu. Wapo waliochukia kurudishwa. Mzee mmoja alisema tumekuwa mizani ya pamba. Nikamkumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vyake vikakuta maji. Mwenye lundo akasema limenyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuyaweka yaliyolowa juu watu wayaone, akawaonya wenye kudanganya. Yule mzee akacheka akasema, "Haya, nipe turubai."

Chumba tulikifagia, tukaziba matundu ya panya kwa saruji, tukachoma mabaki na magunia yote ya zamani, maana dumuzi hujificha katika nyuzi na mbao. Fundi alitutengenezea chaga za mbao, tukaacha nafasi ya mkono mmoja kati ya gunia na ukuta. Magunia mawili tukayatia katika mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na salfeti nje. Kila mfuko unafungwa peke yake, hewa ikiisha kukamuliwa. Wadudu waliomo wanatumia hewa iliyobaki, kisha wanaacha kula na kufa. Siri yake ni kutofungua fungua, na mahindi yawe yamepepetwa vizuri, kwani gunzi lenye ncha likitoboa plastiki umepoteza fedha yako. Matatu tukayachanganya na dawa ya unga ya hifadhi, kutoka duka lenye kibali, tukisoma tarehe kwa sauti kama tunasoma tajwidi.

Hapa naomba nipige kelele kidogo. Huku kwetu tunalima pamba, na nyumba nyingi zina dawa ya pamba. Msiiweke kwenye chakula, hata kidogo. Na vile vidonge vya kufukiza ghala vinavyotoa hewa ya sumu visiwekwe katika chumba anacholala mtu. Nyumba zetu nyingi magunia yanalala na watoto, na hewa ile haichagui kati ya mdudu na mtoto.

Juu ya kila gunia tuliandika tarehe, na lililoingia kwanza linatoka kwanza. Tulipima kila kilichoingia, kwani Mtume (S.A.W.) amehimiza kupima chakula ili kiwe na baraka. Kijana wangu wa maswali akaniletea hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba alikuwa na shayiri kidogo akiila muda mrefu, alipoipima ikaisha. Alhamdulillah, anasoma. Wanavyuoni wamezikutanisha kwa kusema kupima kunakosifiwa ni pale kinaponunuliwa na kuingizwa, si kuhesabu kwa ubahili wakati wa kutoa. Mimi naongeza kwa uzoefu kwamba anayesimamia mali ya wengine hana ruhusa ya kutopima.

Mtihani wa pili ulikuja Februari 2023, na huo haukuwa wa wadudu. Mtakumbuka bei ya mahindi na unga ilivyopanda nchi nzima. Akaja mchuuzi na fedha mkononi, anataka magunia manne. Bati la darasa la wasichana lilikuwa linavuja. Nikapiga hesabu: tuuze sasa, tuezeke, mwezi wa saba tununue tena magunia manne kwa nusu ya fedha, na chenji ibaki. Wanakamati wawili waliniunga mkono. Nakiri kwamba ile hesabu ilinipendeza, na usiku ule nililala vizuri.

Sheikh wetu aliposikia hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: "Aliyeleta debe lake, alisema ni la bati?" Kisha akanikumbusha hadithi ya Ma'mar (R.A.) katika Sahih Muslim, kwamba hahodhi ila mwenye makosa. Mimi mwalimu wa fiqhi nilikuwa najua tofauti: kuweka chakula cha watu wako si ihtikar, ihtikar ni kununua wakati wa shida na kuzuia ili bei ipande. Lakini kuchukua chakula kilichotolewa kwa ajili ya wenye njaa na kukiuza katikati ya njaa kwa sababu bei ni nzuri, hilo ningeliita jina gani? Mchuuzi aliondoka. Bati liliendelea kuvuja mpaka Aprili, na wasichana walisoma upande mmoja wa darasa. Samahani zangu kwao.

Ghala letu ni dogo na halitaokoa wilaya. Kwa hilo Serikali ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula tangu mwaka 2008. Lakini gari la msaada lina njia ndefu, na njia ndefu watu wa Tabora tunaijua. Wazee wetu wapagazi walipotoka pwani kuja Unyanyembe walikuwa wakipewa posho ya kibaba kimoja kwa siku, na kabla ya kuingia Mgunda Mkali, ile nyika iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, kila msafara ulinunua chakula cha siku zote za njiani ukakibeba, kwa kuwa mbele hapakuwa na wa kuuza. Nyumba zetu pia zina Mgunda Mkali, unaanza Desemba. Kwangu tuko sita, tunakula kama kilo mbili na nusu za nafaka kwa siku. Kuanzia Desemba mosi mpaka mwisho wa Machi ni siku 121, basi nahitaji takriban kilo 300, magunia matatu, na hayo siyaguzi mwezi wa saba hata ada ikibisha hodi. Mwenye watu wengi zaidi apige hesabu yake. Na mwenye kuvuna mpaka kufikia nisabu ya wasaqi tano asisahau zaka yake. Madhehebu yetu ya Shafi imeiwajibisha katika nafaka ambazo ni chakula cha kawaida na zinahifadhika, kwa hiyo hata zaka inaijua akiba.

Mwaka jana tuliingiza magunia kumi na moja. Tulipoteza nusu gunia, panya. Nyumba kumi na tisa zilichukua, na nyingine zimerudisha baada ya mavuno bila ya kuombwa. Yule mama hakuja Januari. Nilimuuliza mwanawe, akasema mama amenunua pipa, amepima chumvi kwenye chupa, na sasa majirani wanamletea mahindi awapimie.

Zamu ya ukaguzi mwezi huu ni ya darasa la nne. Ni Ijumaa ya kwanza baada ya Alasiri, insha'Allah. Kila mmoja aje na chupa yake iliyo kavu, na chumvi isiwe ile ya mawe. Mkono mtakaouingiza ndani ya gunia uwe umefutwa maji ya udhu kwanza.